Fomu ya Wajawazito Ikibadilika, Mfumo Usivunjike

Assalaam alaykum, waungwana wa Chake Chake. Leo nitashika fomu moja tu, ya kliniki ya wajawazito, maana makosa mengi ya usanifu wa mifumo ya kompyuta yanajionyesha humo.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa likipendekeza mahudhurio manne. Novemba 2016 likapandisha hadi manane: la kwanza ndani ya wiki 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Aliyejenga jedwali lenye safu za hudhurio la 1 mpaka la 4 ilimbidi afumue hifadhidata, fomu, ripoti na programu ya tableti, vyote kwa pamoja. Ripoti aliyoisahau iliendelea kuhesabu manne bila kulalamika, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Ukianza na modeli, yaani maelezo ya vitu vya mfumo na uhusiano wao kabla ya kujenga chochote, unaeleza vitu vitatu: Mama, Ujauzito, Hudhurio. Mama ana mimba sifuri au zaidi. Kila mimba ina mahudhurio yasiyo na kikomo. Vipimo vya presha na wingi wa damu (himoglobini) ni vya Hudhurio. Ukivibandika kwa Mama, mimba ya pili itafuta vipimo vya ya kwanza. Ile idadi ya mahudhurio manane haimo katika umbo hili kabisa. Ni kanuni ya pembeni, yenye tarehe ya kuanza kutumika. Modeli ikikamilika, programu maalumu inaisoma na kuzalisha majedwali, fomu na ukaguzi wa data. Msimbo (maagizo ya kompyuta) ulioandikwa kwa mkono ukae katika faili zake, kwani uliozalishwa utaandikwa upya kila modeli inapoguswa.

Hapo wengi hushangilia mapema. Kuzalisha msimbo ni kazi nyepesi. Shughuli ni data iliyokwisha kuingia. Ukibadilisha jina la safu «damu» kuwa «wingi_wa_damu», programu inaweza kudhani kitu kimoja kimefutwa na kingine kimeongezwa, ikaitupa safu ya zamani na vipimo vyote vilivyomo. Basi kila kipengele cha modeli kiwe na namba yake ya kudumu, jina libadilike litakavyo. Kisha uende kwa awamu: ongeza safu mpya, nakili, linganisha hesabu, na ya zamani uiondoe katika toleo linalofuata. Uniti nayo iandikwe kwenye modeli, si kwenye kichwa cha fomu: gramu 11 kwa desilita ni gramu 110 kwa lita, na 11 bila uniti, ikisomwa kama gramu kwa lita, itamtisha daktari bure.

Tableti ya Micheweni iliyokosa mtandao italeta rekodi za toleo la 7 la modeli huku seva imeshafika la 8. Rekodi ibebe namba ya toleo lake, na seva iwe na kanuni ya kuigeuza. Ikiikataa tu, muuguzi atarudi kwenye daftari, na hapo msimlaumu.

Majina ya shehia, yale maeneo madogo ya utawala huku Zanzibar, msiyafunge ndani ya modeli. Yawe orodha yenye tarehe za kuanza na kwisha, ili shehia ikigawanywa, ripoti za miaka iliyopita zibaki kama zilivyokuwa.