Fyeka, using'oe: mizizi ya fiwi, mbaazi na marejea

DADA: Karibuni tena, wasikilizaji wa Nyanda za Juu Kusini. Bwana shamba, leo naanza na ugomvi. Mabua ya mahindi yanafunika ardhi vizuri tu. Fiwi, huo mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, ya nini?

BWANA SHAMBA: Mabua yanazuia jua na matone ya mvua, sikatai. Lakini yameshakufa, dada yangu. Huku mvua ni ya msimu mmoja, inaisha Aprili au Mei. Baada ya hapo shamba linakaa miezi bila mzizi hai. Vijidudu vya udongoni vinakula nini?

DADA: Vinafunga Kwaresima.

BWANA SHAMBA: Kwaresima isiyo na Pasaka! Mzizi hai unatoa sukari, bakteria na kuvu wanaishi kwa hiyo, na ute wao ndio unaoshikanisha udongo. Tumbukiza bonge kavu la shamba lenye mizizi kwenye glasi ya maji, halafu bonge la shamba tupu kwenye glasi nyingine. Hilo la pili linamumunyuka upesi, unabaki na tope.

DADA: Sisi wa Mbozi tunalima kwa plau ya ng'ombe, kina kilekile kila mwaka. Ukichimba sentimita 15 au 20 unagonga tabaka gumu, na mzizi wa mahindi ukifika hapo unapinda kama umekatazwa.

BWANA SHAMBA: Hapo panda mbaazi. Mzizi wake mkuu unapita mita 1 kwenda chini. Unatafuta ufa, unapenya, unanenepa. Ukioza unaacha tundu, mvua ya Desemba inashuka humo badala ya kutiririka mtoni, na mahindi yako yanapita njia hiyohiyo. Tena unatoa asidi inayofungua fosforasi, chakula cha mimea, iliyong'ang'aniwa na chuma kilichomo udongoni. Ila watu wa Njombe na Uporoto msinilaumu, kwenye baridi yenu mbaazi inasuasua.

DADA: Na marejea?

BWANA SHAMBA: Nayo ni ya jamii ya kunde, ya kurutubisha udongo. Wazee wa Ruvuma wanaijua, watawa Wabenedikti wa Peramiho waliieneza sana. Inakua haraka na magugu yanakosa nafasi.

DADA: Sasa sema lile la kung'oa, maana watu hawasikii.

BWANA SHAMBA: Maharage tumezoea kung'oa na mizizi yake, tukapigie nyumbani. Fiwi na marejea fyeka, mzizi uozee mlemle. Kabla ya hapo, zikianza maua, chimbua mche mmoja kwa jembe. Usiuvute, vinundu vya mizizini vitakatikia udongoni. Pasua kinundu kwa ukucha: rangi ya waridi ndani, kinanasa naitrojeni ya hewani. Ukiona kijani au kijivu, kimestaafu.

DADA: Tunapanda lini?

BWANA SHAMBA: Fiwi iingie kati ya mistari kwenye palizi ya pili. Ukiiwahisha itapanda juu ya mahindi iyaangushe. Ukivuna mahindi, yenyewe inaendelea na unyevu uliobaki.

DADA: Inaendelea hadi ng'ombe wa jirani wafike! Mahindi yakitoka tu, kila mtu anafungulia mifugo.

BWANA SHAMBA: Hilo halina dawa dukani. Ni mkutano wa kijiji na sheria ndogo, tena kabla ya kununua mbegu. Wakila majani, angalau mizizi inabaki.

DADA: Mwenyekiti wetu ana ng'ombe wengi kuliko sisi sote.

BWANA SHAMBA: Basi mwanzie yeye. Mpe mbegu za fiwi bure, apande shambani kwake.