"Stiff upper lip": siku niliyokwenda kujiangalia mdomo kwenye kioo

Haya jamani, habari za huko. Leo sina mapambo, taa ni hii ya jikoni na hiyo ngurumo mnayoisikia ni friji. Mwezi uliopita lilinitoka neno moja kwenye video, "stiff upper lip", na tangu hapo kila nikifungua komenti nakuta lile lile: dada, maana yake nini? Nikieleza, mtasema huyu hata miaka mitatu Uingereza hajatimiza, keshakuwa mwalimu wa Kizungu. Nikinyamaza, naringa. Semeni tu.

Siku yenyewe nilikuwa kazini, ghalani, mapumziko ya saa nne, nimetoka kulipia kuongeza muda wa viza ya ndoa. Ada ya viza iacheni, iliyoniliza ni ya afya, ile tunayotozwa wageni wenye viza ili tutibiwe hospitali za serikali. Tangu Februari 2024 mtu mzima anatozwa paundi 1,035 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa 624. Na hulipi kidogo kidogo. Miaka miwili na nusu ya viza, yote kwa mkupuo: paundi 2,587 na pensi 50. Huku kwenye mshahara nakatwa kodi kila mwezi kama mwenyeji. Msinibadilishie kwa shilingi, nilishabadilisha mwenyewe, nikajuta.

Mzee mmoja Mwingereza tunayefunga naye maboksi akanitazama, akasema, "Stiff upper lip, love." Neno kwa neno, mdomo wa juu uliokakamaa. Nikaondoka mbio chooni kwenye kioo. Nilidhani mdomo umevimba, au lipstiki imepanda puani.

Kumbe mtu akikaribia kulia, mdomo wa juu huanza kutetemeka. Ukiukaza, hakuna atakayejua. Ndiyo maana yake: vumilia, na usioneshe. Mtaniambia mbona sisi tuna piga moyo konde. Tunayo, ila sisi tunakaza moyo, uso ufanye utakavyo. Bibi yangu alipiga moyo konde miaka yote huku machozi yanamtiririka, na hakuna aliyesema kashindwa. Hawa wanachunga mdomo.

Sasa kichekesho. Wanajisifu nalo kama tabia ya Kiingereza kabisa, lakini maandishi ya zamani yenye msemo huu yanatoka Marekani. Mwaka 1815 gazeti moja la Massachusetts liliandika maneno ya mtu aliyesema alikaza mdomo wa juu, akanunua leseni ya kuuza bidhaa zake. Leseni, jamani! Zaidi ya miaka 200 iliyopita, na mwenzangu naye yuko kwenye makaratasi na malipo. Nilipomwambia mzee kwamba neno ni la Wamarekani, alinuna kuliko siku niliyovunja kikombe chake.

Limo pia katika Uncle Tom's Cabin, riwaya ya Harriet Beecher Stowe ya 1852. Tom ni mtumwa, kauzwa ili bwana wake alipe madeni, anatenganishwa na mkewe na watoto. Anayemwambia akaze mdomo ni mtoto wa bwana huyo huyo. Mtoto anampenda, sikatai. Lakini ona nani anamwambia nani.

Hapo ndipo panaponichoma mimi. Mwenye nyumba niliyohama ameshikilia amana yangu tangu Machi, ati kapeti lina doa, na doa nililikuta. Naye kaniandikia eti nijifunze subira. Subira kwa pesa yangu! Na huko nyumbani nako, nikipiga picha kwenye theluji, binamu anaandika "wenzetu mmefika". Nimefika wapi? Nilikuwa nasubiri basi.

Kwa hiyo msiniulize mjikaze au msijikaze. Kuna dada namfahamu alinyamaza mwaka mzima na ikamsaidia. Mimi nikinyamaza naumwa kichwa, ndiyo maana mnaniona hapa na friji yangu. Kila mtu na mwili wake.

Mzee tumepatana. Nilimfundisha piga moyo konde, akaandika kwenye kiganja. Sasa kila asubuhi akiniona ananipungia mkono kutoka mwisho wa ghala, anapaza sauti, "Piga moyo konda!" Ningekuwa kwenye daladala ningeshuka. Sijamsahihisha.