Azikhwelwa: Peni Moja na Watembeao kwa Miguu wa Alexandra

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu na ndugu wanafunzi,

Nimeombwa nizungumzie namna wananchi wa Afrika Kusini walivyoung'oa ubaguzi wa rangi na kujipatia haki ya kura. Wengi wenu mkiulizwa habari hizo huanzia Februari 11, 1990, siku Mandela alipotoka gerezani. Nimekwisha kusema mara nyingi, na leo nasema tena, kwamba anayeanzia hapo amefika shambani wakati wa mavuno, akadhani mahindi yalijiotea yenyewe.

Mimi huanzia kwenye peni moja. Januari 1957, kampuni ya mabasi iliyowachukua wafanyakazi wa Alexandra, mtaa wa watu weusi, kwenda Johannesburg ilipandisha nauli kutoka peni 4 hadi peni 5, na tangu tarehe 7 ya mwezi huo watu wakaacha kupanda. Waliamka alfajiri, wakatembea takriban kilometa 15 kwenda viwandani na katika nyumba za Wazungu walikofua, walikopika na kulea watoto wasio wao, na jioni wakazirudia kilometa zilezile, na hivyo kwa miezi kadhaa. Neno lao la Kizulu lilikuwa moja: Azikhwelwa. Lisikilizeni vizuri, maana aliyelelewa na Kiswahili analitambua hata kabla ya kufasiriwa: mna a- ya kukanusha, mna zi- ya ngeli kama yetu, na mna -wa ya kutendwa mwishoni. Hazipandwi. Hawakusema wanaomba nauli ipunguzwe. Walitangaza kwamba basi hizo ni kitu kisichopandwa, na neno likaisha.

Najua yupo atakayeuliza peni moja ni kitu gani hata wazee watembee umbali huo. Swali hilo huniudhi, kwa kuwa aulizaye hajapata kuhesabu mshahara wa mtu ambaye kila peni yake ina kazi. Isitoshe, sheria ndizo zilizomkataza mtu mweusi kuishi jirani na kazi yake, kisha akadaiwa nauli ya umbali ambao hakuuchagua. Polisi waliwasimamisha njiani kukagua pasi zao, yaani vibali ambavyo mtu mweusi alilazimishwa kubeba, wakawasumbua hata madereva waliowapa lifti, na bado watu walitembea. Mwishowe serikali ikatunga sheria mwaka huohuo ya kuwatoza waajiri fedha za kufidia nyongeza ile, na abiria wakarudi kulipa peni zao 4. Serikali iliyojigamba kwamba haiyumbishwi na mtu mweusi iliyumbishwa na watembea kwa miguu, kwa sababu uchumi wake wote ulibebwa na miguu hiyohiyo.

Mtu ataniambia kwamba nauli si kura, na kwamba bila silaha Makaburu wasingesikia. Siwadharau wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama cha ANC cha akina Mandela, walioanza mashambulizi Desemba 16, 1961 baada ya waandamanaji 69 kuuawa na polisi mjini Sharpeville na vyama vyao kupigwa marufuku. Lakini kufikia 1964 viongozi wengi walikuwa katika gereza la kisiwa cha Robben Island au uhamishoni, na kimya kikatanda nchini. Walioanza kukivunja kimya hicho mwaka 1973 ni wafanyakazi wa Durban, walioweka chini zana zao kiwanda baada ya kiwanda. Kisha wakaja wanafunzi wa Soweto mwaka 1976, kisha UDF, muungano wa vikundi vilivyopinga ubaguzi, mwaka 1983 na migomo ya kodi za nyumba, hayo mnayajua.

Nataka tu mkumbuke London, Juni 26, 1959. Mwalimu Nyerere, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, alihutubia mkutano uliozindua kampeni ya kuwataka Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Kilichokataliwa Alexandra kilikuwa kiti cha basi, na safari hii yakawa matunda sokoni Uingereza.

Mazungumzo ya katiba na uchaguzi wa Aprili 27, 1994 sitayafikia, kwani Mwenyekiti ananionyesha saa. Sijutii dakika nilizokaa barabarani na watu wa Alexandra. Karibuni maswali.