Nani Alichonga Mawe ya Ngata?

Wazee wangu, ndugu zangu, walionisikia hapa Nakuru wanajua nitakapoanzia. Ukifika kasri la Lord Egerton, yule mlowezi Mwingereza, pale Ngata, utasimuliwa mapenzi: mwanamke alimkataa, akaudhika, akajenga vyumba 52, akapiga marufuku wanawake. Haya, tumesikia. Mimi nauliza: nani alijenga?

Msinijibu Egerton. Egerton alilipa. Kazi ilianza 1938, ikamalizika 1954, Vita Vikuu vya Pili vikiwa katikati. Nendeni mkasimame kwenye kona ya ukuta ule, mtazame jiwe moja tu. Lilichongwa kwa patasi na nyundo, uso baada ya uso, mpaka pembe zikakaa sawa. Kisha likainuliwa, likalazwa, fundi akashusha timazi, akagonga kidogo, akatazama tena. Ukikosea unene wa kidole kwenye msitari wa chini, ukifika juu ukuta umeinama, na kila mtu anaona. Ule haujainama! Aliyefanya hivyo alikuwa bingwa, na sijawahi kumsikia mwongoza wageni akimtaja.

Kazi hiyo ilipoanza, mfanyakazi Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, yaani cheti cha utambulisho, kimetiwa kwenye kijaluba cha chuma, kinaning'inia shingoni. Mwaka 1952, kwa sababu ya vita vya Mau Mau, ikatangazwa Hali ya Hatari, na Wakikuyu kwa maelfu wakafukuzwa kutoka mashamba ya Bonde la Ufa. Kasri bado halijaisha. Kama fundi wetu alikuwa mmoja wao, alipelekwa wapi? Nani alishika nyundo yake?

Kuna atakayesema, mwalimu, bila mapenzi watalii hawaji. Watakuja. Watu husafiri mpaka miji ya kale ya Gede na Lamu kutazama kuta, na huko hawasimuliwi habari za bwana aliyekataliwa.

Ardhi yenyewe, ambako Wamaasai waliondolewa baada ya mkataba wa 1904, inataka mhadhara wake. Shule ya kilimo aliyoianzisha Egerton 1939, leo Chuo Kikuu cha Egerton, mnaijua. Kinanda kikubwa cha ukumbini mwa kasri nakiacha, muda umeniishia.

Ninachoomba ni hiki: mwenye babu aliyechonga mawe Ngata, Njoro au Rongai, amrekodi wiki hii. Jina lake, kwao, na nani alimfundisha kazi. Kama ametangulia, muulizeni nyanya. Simu mnazo mifukoni.

Naona mkono pale nyuma. Karibu, mzee.