Saini ya Bangladesh na Mlango wa Arusha

MWANAIDI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya kitambulisho cha taifa cha mwanangu, karani akaniuliza babu yake mzaa baba alizaliwa wapi. Nilijibu, akaandika, yakaisha. Hapo nikaiwaza sheria ya uraia ya Myanmar ya mwaka 1982, inayowapa uraia kamili watu wa makabila yanayotambuliwa kuwa yalikuwapo nchini kabla ya mwaka 1823, nayo orodha ya makabila hayo haina Warohingya, jamii ya Waislamu wa magharibi mwa nchi hiyo.

ELIBARIKI: Ndiyo maana Warohingya zaidi ya 700,000 waliokimbilia nchi jirani ya Bangladesh kuanzia Agosti 2017 hawakuwa wakimbizi tu, bali pia watu wasio na uraia wa nchi yoyote. Lakini kesi yao, dada, ina mlango wake Arusha.

MWANAIDI: Nilijua tu! Hakuna kipindi kisichopitia Arusha.

ELIBARIKI: Safari hii nina ushahidi. Abubacarr Tambadou, waziri wa sheria wa Gambia wakati nchi hiyo ilipoishtaki Myanmar kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Warohingya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague mnamo Novemba 2019, aliwahi kufanya kazi katika mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, pale pale Arusha. Alizuru kambi za wakimbizi za Cox's Bazar, Bangladesh, mwaka 2018, akasikia kwa manusura mambo yaliyomkumbusha Rwanda. Gambia haipakani na Myanmar, na bado tarehe 22 Julai 2022 mahakama ilikubali kwamba nchi yoyote mwanachama wa mkataba wa mauaji ya kimbari wa mwaka 1948 inaweza kudai utekelezaji wake.

MWANAIDI: Haya, Arusha imefunga bao. Ila mama anayeishi chini ya turubai katika kambi ya Kutupalong, hukohuko Bangladesh, anahitaji hadhi ya kisheria pale alipo. Bangladesh haijaridhia Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kwa hiyo kufanya kazi au kutoka nje ya kambi kunabaki kuwa hisani ya serikali. Iridhie.

ELIBARIKI: Sikubaliani. Iliwapokea bila saini hiyo, na tayari inabanwa isimrudishe mtu kwenye mateso, kwa kuwa iliridhia Mkataba Dhidi ya Mateso. Australia, iliyoridhia ule wa 1951, iliwapeleka waomba hifadhi Nauru.

MWANAIDI: Aliyeridhia hushtakika, kaka. Kifungu cha 38 cha mkataba huo wa wakimbizi kinairuhusu nchi mwanachama kumpeleka mwenzake The Hague.

ELIBARIKI: Na hakuna nchi iliyowahi kukitumia.

MWANAIDI: Gambia imeonyesha kwamba inawezekana.

ELIBARIKI: Kwa mauaji ya kimbari, si kwa kibali cha kazi. Hakuna serikali itakayokwenda The Hague kumdai jirani ruhusa ya mkimbizi kufungua duka.

MWANAIDI: Fundi mitambo ananionyesha dakika moja, na mambo matatu niliyoyaandaa kwa leo hatujagusa hata moja. Kisiwa cha Bhasan Char cha Bangladesh, ambako baadhi ya wakimbizi hao wamehamishiwa tangu Desemba 2020, tukiweke kipindi kijacho.

ELIBARIKI: Kisiwa hicho kitanipa hoja mimi.

MWANAIDI: Kitanipa mimi, maana serikali iliwahamishia huko bila mkataba wowote wa wakimbizi wa kuiuliza kwa nini. Kwaherini.