Fosfeti Hutembea Milimita Moja kwa Miezi Miwili

(Mhadhara wa wazi, Mlimani, Dar es Salaam)

Ndugu Mwenyekiti, wakubwa wangu shikamooni; wanafunzi, hamjambo. Na nyie mliokimbilia humu kwa sababu ya mvua, karibuni pia, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie utafiti unaovuka idara. Mimi nitazungumzia muhogo. Mizizi yake ni minene na vinyweleo vyake ni vichache na vifupi. Ukiutazama kwa macho ya mtu wa lishe ya mimea, huu mmea ulipaswa kufa kwa njaa ya fosforasi kwenye udongo wetu uliochoka. Lakini nendeni Kisarawe, nendeni Mkuranga, mtaukuta umesimama.

Tuanze na udongo wenyewe. Kwenye udongo mwekundu wa nchi za joto, punje zimepakwa oksidi za chuma na alumini, na fosfeti, yaani fosforasi katika umbo ambalo mmea huinyonya, ikizigusa inanata. Kazi ya kueleza kunata huko tunamshukuru Irving Langmuir, Mmarekani aliyefanya kazi katika maabara ya General Electric. Mwaka 1918 alichapisha mlinganyo wake maarufu, na mwaka 1932 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kemia ya nyuso. Alichukulia kwamba uso una nafasi zenye idadi maalumu, zote sawa, na kila nafasi inabeba molekuli moja tu. Yaani daladala ya level siti: viti vikijaa, konda hapakii tena. Udongo hauna nidhamu hiyo. Viti havilingani, na abiria aliyekaa muda mrefu hataki kushuka. Fosfeti iliyofika wiki kadhaa zilizopita imeshikwa kwa nguvu kuliko iliyofika jana. Hapa nina lalamiko dogo kwa wanafunzi wa uzamili: wengi mnapima fosfeti inavyoingia kwenye punje, wachache mnapima inavyotoka. Mmea unaishi kwa ile inayotoka.

Basi imetoka. Itafikaje kwenye mzizi? Itasambaa yenyewe ndani ya maji ya udongo, kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na kidogo. Kanuni ya usambaaji iliandikwa na Adolf Fick mwaka 1855, naye hakuwa mwanahisabati wala mkemia, alikuwa mwanafiziolojia. Jambo la kushika kwenye mlinganyo wake ni hili: muda unakua kwa mraba wa umbali. Umbali ukiongezeka mara kumi, muda unaongezeka mara mia.

Tufanye hesabu pamoja. Kwenye maji matupu, fosfeti huvuka sentimita moja kwa takriban saa 14. Kwenye udongo unaoshika sana, kasi ya usambaaji inaweza kuwa sehemu moja tu ya elfu kumi ya ile ya majini. Kwa hiyo milimita moja itachukua kama miezi miwili. Sentimita moja? Miaka 16. Mahindi yako yanakaa shambani miezi minne.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Kitabu cha mwaka wa kwanza kinachukulia kasi ya usambaaji kuwa haibadiliki. Kwenye udongo si kweli, kwa sababu kasi hiyo inagawanywa na mwinuko wa mchoro wa Langmuir, ule unaolinganisha fosfeti iliyonata na ile iliyo majini, na mwinuko huo ni mkali zaidi pale fosfeti inapokuwa kidogo. Maana yake, kadiri mzizi unavyonyonya, ndivyo kiasi kinachobaki jirani kinavyozidi kuwa kizito kutembea. Mzizi unajichimbia ukame wake mwenyewe. Mkemia peke yake haoni hilo, kwa sababu chupa yake ya maabara imetikiswa na hakuna umbali ndani yake. Mwanahisabati naye haoni, kama amepewa namba moja tu ya kasi na kuiamini.

Dawa iliyobaki ni kufupisha safari, na hiyo ni kazi ya kuvu, ambao nyuzi zao huifuata fosfeti ilipo na kuileta mzizini. Albert Bernhard Frank, Mjerumani, aliupa ushirika wa kuvu na mizizi jina la mikoriza mwaka 1885, lakini ushirika wenyewe ni wa zamani mno: upo kwenye visukuku vya Rhynie huko Scotland, vyenye umri wa miaka milioni 400 na ushei. Mimea mingi ya nchi kavu inao, na muhogo ni miongoni mwa inayoutegemea zaidi. Uzi wa kuvu una upana wa mikromita chache. Tuseme 5, na mzizi mwembamba 500. Kwa kuwa ujazo unafuata mraba wa upana, malighafi inayojenga mita moja ya mzizi inajenga mita elfu kumi za uzi. Mmea unalipa kwa sukari, na bei hiyo ni nafuu.

Hata hivyo, nina shaka na vipakiti vya kuvu vinavyouzwa kama dawa ya kila shamba. Mmea wenye fosforasi ya kutosha hupunguza ushirika huo wenyewe, na jembe linalopindua udongo kila msimu hukata nyuzi zilizokwisha kusambaa. Kabla ya kununua kipakiti, tazama kwanza wewe mwenyewe unawafanyia nini kuvu ulio nao tayari shambani.

Kuna kijana ameuliza: basi wakulima waache mbolea? Hapana, mwanangu. Kuvu hawaumbi fosforasi, wanaifuata ilipo. Kila gunia linaloshuka Kariakoo limeondoka na fosforasi ya shamba fulani, na lazima irudishwe. Tunao mwamba wa fosfeti Minjingu, mkoani Manyara. Ila huo nao una masharti: huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali, na kwenye udongo wa chokaa utakaa tu kama ulivyomwagwa. Pima tindikali kwanza, ndipo uagize gari.