Jinsi ya kuchagua mashine za kupiga kasia kwa jimu yako hapa Dodoma

Mbukwenyi wana Dodoma, na habari zenu nyote mnaonitazama kutoka mbali. Leo nipo ndani ya jimu, mlango uko wazi, na nadhani mnausikia upepo wa Agosti unavyopiga bati. Unakuja na vumbi. Pitisha kidole hapa juu ya kaunta, iliyofutwa asubuhi hii hii. Umeona? Basi mashine ya kupiga kasia utakayoinunua itakaa kwenye vumbi hili kila siku, na ndiyo maana nataka tuchague pamoja, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza, kabla hata ya kuuliza bei: omba kitabu cha dhamana. Usiangalie skrini, usikalie kiti, shika kitabu kwanza. Tafuta mstari unaosema mashine imetengenezwa kwa matumizi gani. Mashine ya nyumbani inatumiwa na mtu mmoja au wawili, nusu saa basi. Ya kwako itaanza saa kumi na moja alfajiri, wafanyakazi wakiwahi kabla ya kwenda kwenye ofisi za serikali kule Mtumba, na itafunga kazi saa tatu usiku.

Mimi hili nililipia. Miaka michache nyuma nilinunua mbili kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba ni za jimu. Zilikuja zinang'aa kweli. Mwezi wa nne tangu nizinunue, mkanda wa kuvutia ukakatika, mama mmoja akiwa katikati ya mvuto, akaenda chali. Namshukuru Mungu hakuumia. Nilipokwenda kudai nikaonyeshwa maandishi madogo ukurasa wa mwisho: ikiwekwa sehemu ya biashara, dhamana imefutika. Hela iliniuma, lakini kilichoninyima usingizi ni yule mama. Kwa hiyo piga picha ukurasa huo, na uhakikishe aina iliyoandikwa kwenye risiti ndiyo iliyoandikwa kwenye kitabu.

Hatua ya pili, chagua aina ya ukinzani, yaani kile kinachokupa uzito unapovuta. Zipo nne. Za pampu ya mafuta, zile fupi zenye mikono miwili, ziache. Ni za sebuleni. Za sumaku hazina kelele, zinafaa kama umepanga ghorofani na chini kuna ofisi, ila nyingi zinavuta kwa mkanda na zingine zinataka umeme wa ukutani. Uliza kabla ya kulipa.

Za maji ni nzuri kwa macho na masikio, wateja wanazipenda. Kuna gurudumu la mapanga ndani ya tangi, na ukivuta unasikia kama mtumbwi unakata maji. Lakini maji yetu mengi ni ya visima na yana chumvi, kwa hiyo jaza maji safi yaliyochujwa. Tumia vidonge vya kutibu maji vilivyokuja na mashine, jiki usiweke kabisa. Jambo lingine: uzito wake unabadilika kwa kuongeza au kupunguza maji tangini, na hilo huwezi kulifanya kila anaposhuka mteja mmoja na kupanda mwingine.

Mimi nasimama na za upepo. Concept2 ya Marekani, iliyoanza kuuza mashine za kasia mwaka 1981, ndiyo wengi wanaijua, na timu za kasia duniani zinaitumia kufanyia mazoezi na kupimana. Hii hapa ni ya upepo. Umeme ukikatika, tredmili zote zinasimama, hii inaendelea. Skrini yake inatumia betri mbili kubwa za tochi, na ukiwa unavuta, gurudumu lenyewe linasaidia kuilisha. Mnyororo wake ni wa chuma, na fundi wa pikipiki akiuona hatashangaa.

Sogeza kamera hapa ubavuni. Unaona hiki kishikizo chenye namba 1 mpaka 10? Vijana wakifika wanakimbilia 10. Hiyo si uzito kama vyuma, ni mlango wa hewa. Ukifungua, hewa nyingi inaingia na gurudumu linapungua mwendo haraka. Wageni waanzishe 3 hadi 5, viuno vyao vitakushukuru. Sasa Dodoma ipo mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Mashine hiyo hiyo, namba hiyo hiyo, hapa itakuwa laini kidogo. Skrini nzuri inalijua hilo: inapima jinsi gurudumu linavyopoteza mwendo kati ya mvuto na mvuto, kisha inakupa tarakimu ya ukinzani. Ikumbuke tarakimu hiyo, tutairudia.

Hatua ya tatu, ijaribu kwa mikono. Hasa ukinunua iliyotumika, usikubali kuonyeshwa kwa video. Sogeza kiti mbele, pitisha kidole kwenye reli polepole. Ukihisi vishimo au mikwaruzo, kiti kitakuwa kinatetemeka kila mvuto. Sukuma kiti kwa kidole kimoja, kinatakiwa kiteleze bila kugonga. Vuta ushikio mpaka mwisho, kisha uurudishe taratibu, usiuachie. Ukilegea kabla ya kufika, mpira wa kurudishia umechoka. Halafu tazama mnyororo unapoingia ndani: pingili iliyokaza inaruka kidogo, hivi. Umeiona? Baada ya hapo vuta dakika kumi kamili, utoke jasho. Mashine ikilegea miguuni, huwezi kuona kwa mivuto mitano.

Nafasi tusikae sana. Mashine hii ina urefu wa mita 2.44, wewe tenga mita 2.7 kwa 1.2 kwa kila moja, na gurudumu usilielekeze mlangoni, vumbi litaingia moja kwa moja. Ila kimo cha kiti kifikirie. Cha kawaida kipo sentimita 36 kutoka sakafuni, kirefu kipo 51. Wazee wetu na wenye magoti mabovu wakikaa kwenye kifupi, kuinuka ni shughuli, na wanaona aibu kuomba mkono. Ukinunua tatu, moja iwe ya kiti kirefu.

Hatua ya mwisho ni spea. Mwambie muuzaji akutajie bei ya mnyororo, mpira wa kurudishia, rola za kiti na mikanda ya miguu, na siku ngapi zinafika Dodoma. Akianza kuzunguka, ondoka. Bora mashine mbili zenye spea kuliko tano zenye karatasi ya "MBOVU" kifuani.

Ukishaifunga jimuni, futa reli kila jioni kwa kitambaa chenye unyevu. Mnyororo upake oili nyepesi ya mashine kila baada ya saa 50 za kazi. Ile dawa ya kupuliza ya kulegezea nati zenye kutu usiiguse.

Sasa turudi kwenye ile tarakimu. Hii mashine sijaifungua tangu mvua ziishe. Nimeweka kishikizo kwenye 5, navuta... inasoma 87. Nafungua kifuniko cha gurudumu. Njoo karibu na kamera: huu wavu ulikuwa mweusi, sasa ni rangi ya udongo, na nywele na nyuzi za taulo zimejisokota humo. Navuta vumbi kwa mashine ya kufyonza, taratibu, mpaka matundu yote yaonekane. Nafunga skrubu. Kishikizo kipo pale pale kwenye 5. Navuta tena.

108.